Tepi imegeuka nyeusi, kidonda kimetoa usaha: nani aulizwe?

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya huku juu, uwanda wa Makonde. Tangu mwaka jana nimepewa chumba cha kutakasia vyombo vya upasuaji. Tuna otoklevu (mashine za kutakasa kwa mvuke) mbili, moja ya umeme ambayo inasumbua, nyingine ya kuweka juu ya jiko la gesi. Kila pakiti naifunga tepi, na kila ikitoka mistari imegeuka myeusi. Mwezi uliopita akina mama wawili waliojifungua kwa upasuaji wamerudi vidonda vinatoa usaha. Kwenye kikao cha asubuhi daktari akasema mbele ya watu kwamba vyombo havikuiva. Mimi tepi zote ninazo, nimezibandika kwenye daftari. Je, tepi si ushahidi? Na la pili: tulifundishwa kuloweka vyombo kwenye maji ya Jik dakika kumi kabla ya kuosha, sasa mwenzetu amerudi kutoka mafunzoni anasema tuache. Tumfuate nani?"

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kikao hicho. Swali lako ni la watu wengi wanaoshinda vyumba vya nyuma ya thieta kuanzia Kilwa mpaka Masasi, na wengi hawaliulizi kwa sababu wanaogopa jibu. Nitakupa jibu lote, pamoja na sehemu isiyokupendeza.

Sehemu isiyokupendeza ndiyo hii: tepi si ushahidi wa jambo unalotaka kulithibitisha. Haidanganyi, ila inajibu swali jingine. Imepakwa wino unaogeuka ukikutana na mvuke wa moto, nayo imebandikwa nje ya pakiti, mahali mvuke unapofika kwanza. Kazi yake ni kukuzuia usichukue pakiti mbichi kwenye rafu ukadhani imeshapita mashineni. Kilichotokea katikati ya gauni zilizokunjwa haikijui. Ni kama tiketi ya basi iliyotobolewa na kondakta. Inaonyesha abiria alipanda, haisemi kama alifika Dar es Salaam au alishukia Somanga.

Ila daktari naye ameruka hatua. Usaha kwa mama wawili hautoshi kuwahukumu mkasi na ateri, ile koleo ya kubania mishipa ya damu. Kidonda cha upasuaji wa kujifungua kinaweza kuoza kwa sababu uchungu ulidumu mno, chupa ilipasuka siku nzima kabla, mama alipimwa njia mara nyingi, dawa ya kuzuia maambukizi ilichomwa baada ya kisu badala ya ndani ya saa moja kabla yake, ngozi ilinyolewa kwa wembe ikabaki na michubuko, au mikono haikuoshwa sawasawa. Vyombo ni mtuhumiwa mmoja kati ya wengi. Kuna swali dogo ambalo lingeanza kutenganisha watuhumiwa hao: akina mama hawa walitumia seti ile ile? Au seti mbili zilizopikwa mzigo mmoja? Kama ndiyo, mashine na uoshaji vinaanza kunuka. Kama mmoja alifanyiwa tarehe 4 kwa seti moja na mwingine tarehe 19 kwa seti nyingine, na kati yao wamepita watu kumi na wawili waliopona vizuri, tuhuma inapungua, ingawa haifutiki.

Sasa fungua daftari lako uangalie kama linaweza kujibu swali hilo. Nahisi haliwezi. Tepi kumi zilizobandikwa zikiwa na tarehe peke yake hazikuambii ipi ilifunga seti iliyomgusa mama yupi. Hilo nitalirudia, maana kwangu ndilo kubwa kuliko yote uliyoniuliza.

Daktari alisema vyombo "havikuiva", na neno lake ni zuri kuliko alivyojua mwenyewe. Umeshapika wali ukafunua sufuria, juu punje zimechanua, ukila unakuta kiini. Pakiti ya vyombo inaweza kuwa na kiini vilevile. Ili uelewe kiini kinatoka wapi, inabidi ujue mvuke unaua vipi.

Watu wengi wanadhani presha ndiyo inayoua. Presha haiui kitu. Kinachoua ni mvuke kugusa chuma kikiwa baridi na kugeuka maji palepale juu yake. Gramu moja ya mvuke ikigeuka maji inaachia kalori 540 za joto kwa mkupuo, wakati gramu hiyohiyo ya maji ikipoa nyuzi moja inaachia kalori moja tu. Ndiyo maana ukipitisha mkono haraka kwenye joto la oveni ya mikate huungui, lakini mvuke wa sufuria ukikupiga kifundo cha mkono unaruka. Na ndiyo maana kutakasa kwa hewa kavu kunataka nyuzi 170 kwa saa nzima, huku mvuke wa nyuzi 121 ukimaliza kazi kwa dakika 20 kwa vyombo visivyofungwa na 30 kwa vilivyofungwa. Presha tunaiweka kwa sababu moja tu: bila hiyo mvuke hauvuki nyuzi 100, na nyuzi 100 hazitoshi. Hapa tunazungumzia spora, zile mbegu ngumu ambazo baadhi ya bakteria hujifungia ndani yake. Za pepopunda zimo kwenye udongo tunaoukanyaga kila siku kwenye mikorosho. Kuchemsha vyombo kwenye sufuria hakuziui, hata uchemshe dakika 20.

Adui wa mvuke ni hewa. Hewa iliyobaki ndani ya pipa au katikati ya vitambaa inakaa kama shuka kati ya mvuke na chuma. Geji, ile saa ya presha, itasoma paundi 15 vizuri kabisa, kwa sababu geji haijui kutofautisha presha ya hewa na ya mvuke. Lakini kama nusu ya hewa haikutoka, paundi 15 hizo zinakupa nyuzi kama 112 badala ya 121. Tofauti ya nyuzi tisa inaonekana ndogo. Sasa sikiliza: joto likishuka nyuzi kumi, muda wa kuua spora zilezile unaongezeka kama mara kumi. Kwa hiyo dakika 20 kwenye nyuzi 112 zimefanya kazi ya dakika mbili na nusu hivi. Na tepi? Tepi inaweza ikawa nyeusi ti.

Hili silisemi kwa kusoma. Miaka ya nyuma nilisimamia chumba cha utakasaji katika hospitali moja ya ukanda huu wa pwani. Mashine ilikuwa ya umeme, ya kusimama, na tepi zilitoka nyeusi kila siku. Tulipopata kwa mara ya kwanza vichupa vya spora tukaviweka kwa majaribio, tukiwa na uhakika wa kupata majibu mazuri. Kikarudi cha njano, maana yake spora za ndani bado hai. Tukarudia, njano tena. Fundi alipokuja hakufungua nyaya wala geji. Aliinama chini ya pipa, kwenye tundu la kutolea hewa, akachomoa kichujio kidogo cha chuma kikiwa kimejaa nyuzi za gozi, kile kitambaa chepesi cha vidonda, zilizogandamana kama manyoya kwenye tundu la bafu. Akakiosha kwa mswaki dakika mbili. Kichupa cha kesho yake kikabaki zambarau. Hatukujua kichujio kile kilikuwa kimeziba tangu lini, na kwa kuwa hatukuwa na kumbukumbu za mizigo, hatukuweza hata kuwatafuta watu wa kuwaangalia. Sijawahi kulisahau.

Kwa hiyo nenda leo ukaangalie kichujio hicho kwenye mashine yako ya umeme. Kiwe kinasafishwa kila siku kabla ya mzigo wa kwanza.

Kwa ile ya jiko la gesi, makosa ni mengine. Mtu anafunga mfuniko, anawasha moto, anafunga vali mara tu aonapo moshi mweupe wa kwanza. Hapo amefungia hewa ndani. Acha vali wazi mpaka mvuke utoke kwa nguvu, mfululizo, bila kukohoakohoa, angalau dakika tano au kama kijitabu cha mashine kinavyosema, ndipo ufunge. Ule mpira wa kutolea hewa uzame mpaka chini ya ndoo ya ndani, kwa sababu hewa ni nzito kuliko mvuke na inakaa chini. Kama unatumia dramu za matundu, matundu yawe wazi wakati wa kupika. Usicheke, nimekuta yamefungwa zaidi ya mara moja. Na muda huanza kuhesabiwa geji ikishafika kwenye presha inayotakiwa, si wakati wa kuwasha jiko.

Kuna jambo jingine linalokuhusu wewe wa huko juu kuliko mwenzako wa Mtwara mjini. Geji inapima tofauti kati ya presha ya ndani na hewa ya nje. Usawa wa bahari, paundi 15 ni nyuzi 121. Wewe uko zaidi ya mita 600 juu, hewa ya nje ni nyepesi, na paundi zilezile 15 zinakupa kama nyuzi 120. Kanuni ya kazi ni kuongeza nusu paundi kwa kila mita 300, yaani kwako kama paundi moja, ikiwa mashine inaruhusu. Kama hairuhusu, ongeza dakika. Nyuzi moja haitaleta usaha peke yake, lakini ukiijumlisha na hewa iliyobaki, na geji ambayo haijapimwa usahihi miaka minne, hesabu inaanza kuwa mbaya.

Na hesabu yenyewe ni hii. Chukua spora milioni moja za aina sugu, zile tunazotumia kupimia. Kwenye nyuzi 121, tuseme kila dakika moja na nusu inaua tisa katika kila kumi. Milioni inakuwa laki, laki inakuwa elfu kumi, na kuendelea. Baada ya dakika tisa imebaki moja. Lakini hatutaki kubaki na moja, tunataka iwe bahati mbaya ya mara moja katika milioni. Kwa hiyo tunarudia hatua zilezile sita, dakika tisa nyingine. Jumla 18. Hapo unaona dakika 20 zimetoka wapi, na kwa nini mtu anayekata dakika tano kwa sababu thieta wanamwita ameharibu robo nzima ya kazi.

Hesabu hiyo ina sharti moja ambalo wengi hawalisemi: vyombo viwe safi. Spora iliyofunikwa na damu iliyoganda au chumvi haiguswi na mvuke ipasavyo. Ningelazimishwa kuweka pesa yangu mahali pamoja kuhusu kisa chako, nisingeiweka kwenye otoklevu. Ningeiweka kwenye beseni la kuoshea.

Fanya hivi kesho. Chukua ateri tano kutoka kwenye pakiti iliyo tayari kwenda thieta. Kaa nazo karibu na dirisha, au chini ya taa, na lenzi ya kukuza kama ile ya mafundi saa. Fungua kila moja kabisa, angalia pale vyuma viwili vinapopishana, kwenye kiungo. Halafu angalia kati ya meno, na kwenye vile vingazi vya kufungia karibu na vidole. Utakuta nyingine ina mstari mwembamba wa kahawia, kama chai iliyokauka pembeni ya kikombe. Usikimbilie kusema ni kutu. Paka kwa gozi nyeupe yenye maji. Kama gozi imebeba rangi ya udongo mwekundu, kuna kitu. Dondoshea tone la haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kusafishia vidonda. Povu likichemka pale pale kwenye kiungo, chukulia ni damu mpaka ithibitike vingine. Kutu nayo inaweza kutoa povu kidogo, lakini chombo chenye kutu kwenye kiungo nacho hakina haki ya kurudi kwenye seti. Suuza vizuri baada ya kipimo. Hospitali kubwa zina vipimo vya proteini na mashine ndogo zinazosoma mabaki kwa mwanga. Ni vizuri kuwa navyo, lakini lenzi na tone la peroksaidi vitakuonyesha mengi kabla hujavifikia.

Damu inabakije? Mara nyingi inaachwa ikauke. Upasuaji umekwisha saa nane usiku, mhudumu amechoka, vyombo vinaachwa kwenye trei mpaka asubuhi. Au vinaoshwa kwa maji ya moto mara ya kwanza, na hapo damu inafanya kama yai, inaganda na kushika. Maji ya kwanza yawe ya baridi au vuguvugu, chini ya nyuzi 45. Au vinafutwa wakati wa upasuaji kwa maji ya dripu, ambayo ni chumvi, na chumvi inakula chuma. Tumia maji yaliyotakaswa. Au ateri zinaoshwa zikiwa zimefungwa. Au kunatumika sabuni ya unga ya kufulia, ina povu jingi na inaacha utelezi usioonekana. Sugua kwa brashi laini chombo kikiwa ndani ya maji ili matone yasikurukie usoni, kwa sabuni ya vyombo vya hospitali, na steelwire iachie sufuria za nyumbani. Glovu nene za jikoni, aproni, miwani. Ukichomwa au kujikata ukiwa unaosha, suuza kwa maji yanayotiririka, toa taarifa hapohapo na uanze dawa za kuzuia VVU mapema kadiri inavyowezekana, isizidi saa 72. Usisubiri zamu iishe.

Maji yenyewe ni kisa kingine huko kwenu. Najua maji yakiwa ya kupandishwa kutoka bondeni au ya kununua kwa dumu, suuza ya tatu ndiyo ya kwanza kukatwa. Nawaelewa. Lakini suuza ya mwisho ndiyo inayoondoa sabuni na uchafu uliolegea, basi punguza maji kwingine. Na huku pwani maji ya visima vya mawe ya matumbawe yana chokaa. Tazama birika la chai lililotumika mwaka mmoja Mikindani, ndani lina magamba meupe. Magamba hayohayo yanavaa kwenye koili ya otoklevu na kwenye vyombo. Maji ya mvua mliyovuna juu ya bati yana chokaa kidogo sana, ukiyachuja yakawa safi yanafaa zaidi kwa boila kuliko ya kisima. Yaliyotoneshwa ndiyo bora, mkiyapata.

Nije kwenye Jik. Mwenzako aliyetoka mafunzoni yuko sahihi, na wewe uliyefundishwa zamani hukufundishwa uongo. Kuloweka kwenye klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika kumi kulianzishwa kumlinda anayeosha, na kwa miaka mingi kulikuwa ndiyo mazoea ya nchi nzima. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 kuhusu usafishaji wa vifaa tiba unasema tusiloweke vyombo kwenye dawa kabla ya kuviosha. Damu inaimaliza nguvu klorini kabla haijafanya kazi, mtu anapata imani ya bure, na chuma kinaliwa vishimo vidogo ambavyo damu ya mgonjwa anayefuata inajificha ndani yake. Badala yake, mara upasuaji ukiisha, weka vyombo kwenye maji yenye sabuni ya enzaimu, au vifunike kwa taulo iliyoloa visikauke, upeleke kuosha. Kinachomlinda anayeosha ni glovu na miwani.

Ila usibadilishe peke yako kimyakimya. Mpeleke mwenzako kwenye kamati ya kuzuia maambukizi ya kituo, waandike utaratibu mpya, mganga mfawidhi asaini, wote mfuate mmoja. Nusu ya watu wakiloweka na nusu wasiloweke, siku ya tatizo mtalaumiana mpaka korosho ziishe. Na mpaka uamuzi utoke, kama mnaloweka, ziwe dakika kumi kamili kwa kuangalia saa, kisha suuza mara moja. Ile ya kuacha vyombo kwenye ndoo ya Jik usiku kucha ikome leo.

Sasa turudi kwenye ushahidi. Kama tepi inajibu swali moja, nani anajibu mengine? Kuna vipande vya karatasi vya kuweka ndani ya pakiti, katikati kabisa, pale mvuke unapopata shida kufika. Vile vizuri zaidi havigeuki kwa joto tu, vinataka joto, muda na mvuke vyote vitimie. Daktari anapofungua pakiti anakiona kabla hajagusa kisu. Kikiwa hakijatimia, pakiti inarudi, hata tepi iwe nyeusi vipi. Kwa seti za upasuaji wa tumbo, ningeomba kipande kimoja kwa kila pakiti.

Halafu kuna vichupa vya spora, ndivyo pekee vinavyouliza vijidudu vyenyewe kama vimekufa. Ndani yake kuna spora za Geobacillus stearothermophilus, ambazo hazimdhuru mtu lakini ni wabishi kwa mvuke. Unaweka kimoja ndani ya mzigo uliojaa kama kawaida, upande wa tundu la kutolea hewa, mahali pagumu. Kingine cha toleo hilohilo hakiingii mashineni. Vyote viwili vinalazwa kwenye joto la nyuzi 56 hivi kwa saa 24 mpaka 48. Kilichopikwa kibaki zambarau. Kile kisichopikwa lazima kigeuke njano, na wengi hawakiangalii. Kisipogeuka, spora zilikuwa zimeshakufa dukani, na zambarau ya mwenzake haina maana yoyote. Angalau mara moja kwa wiki kwa kila mashine, baada ya kila matengenezo makubwa, na kila mzigo wenye vyuma vya kubaki mwilini kwa hospitali zinazounga mifupa ya majeruhi wa bodaboda. Kituo chako kama hakina kifaa cha kulaza vichupa, muulize msimamizi wa maabara wa hospitali ya mkoa kama anaweza kuwalazia, kuliko kukaa bila.

Utasikia pia watu wakitaja kipimo cha Bowie na Dick, cha tangu 1963. Hicho ni cha mashine zinazovuta hewa kwa pampu. Mashine yako ya jiko haikihitaji, usiagize.

Umeme ukikatika katikati ya mzigo, mzigo huo haujawahi kupikwa. Usijazie dakika zilizobaki umeme ukirudi. Anza sifuri, na uandike. Pakiti ikitoka na unyevu nayo haijatakaswa, kwa sababu maji kwenye kitambaa yanavuta vijidudu kutoka nje kuingia ndani kama utambi unavyovuta mafuta. Kwa mvua zetu za Desemba mpaka Aprili tatizo hili huwa kubwa. Usijaze pipa mpaka vidole visipite kati ya pakiti, na usilaze pakiti ya moto juu ya sakafu ya saruji au meza ya chuma baridi.

Na kambi za upasuaji wa mabusha, ambazo mikoa yetu miwili, Lindi na Mtwara, imezizoea. Seti nne, wagonjwa ishirini kwa siku, madaktari wageni wenye haraka. Pale ndipo kuosha kunageuka kuchovya. Kama kituo chako kitapewa kambi, kabla ya kukubali hesabu muda wa seti moja kuzunguka: kuosha, kukagua, kukausha, kufunga, kupika, kukauka, kupoa. Haishuki saa mbili. Mpe mratibu namba hiyo kwa maandishi, ndiyo itakayoamua wagonjwa wangapi kwa siku. Atanuna, mwache anune.

Kwa kituo chenye fungu dogo, ningefuata mpangilio huu. Brashi, lenzi na taa kwanza, ni rahisi na faida yake ni kubwa. Daftari la mizigo linafuata, ambalo ni kalamu na rula tu: namba ya mzigo, mashine ipi, seti zipi, saa ya kuanza, saa geji ilipofika, saa ya kumaliza, matokeo ya kipande cha ndani, jina la aliyepika. Namba hiyo ya mzigo iandikwe juu ya pakiti, na daktari au msaidizi wake aihamishie kwenye faili la mgonjwa. Hapo mama wa tatu akirudi na usaha, dakika tano tu mtajua alitumia nini na nani mwingine alitumia hichohicho. Ndipo vipande vya ndani, halafu vichupa. Mashine mpya naiweka mwisho. Ukiniuliza, nimeona mashine mpya inayong'aa ikipika damu iliyokauka vilevile kama ya zamani.

Yapo mambo ya kutoyatatua kwa barua. Geji isiyorudi sifuri mashine ikipoa, gasketi (mpira wa mfuniko) inayovuja, vali ya usalama iliyokwama au iliyofungwa waya na mtu mjuaji: zima, weka karatasi ya "isitumike", mwite fundi wa vifaa tiba kupitia halmashauri. Otoklevu yenye vali iliyozibwa ni bomu. Kichupa cha spora kikigeuka njano, simamisha mashine, rudisha pakiti zote za mizigo iliyopikwa tangu kichupa cha mwisho kilichofaulu, mwarifu mganga mfawidhi siku hiyohiyo. Na akina mama wale wawili, kama hawajachukuliwa sampuli ya usaha kwenda maabara, wachukuliwe kabla dawa hazijabadilishwa tena. Mwenye homa, tumbo gumu au kidonda kilichoachana asisubiri kliniki ya Jumatatu. Akitokea wa tatu ndani ya siku thelathini za upasuaji wake, taarifa iende kwa mganga mkuu wa wilaya, mje kukaguliwa na watu wa nje. Hapo usiogope. Mkaguzi wa nje ndiye atakayeangalia saa ya sindano ya dawa na wembe wa kunyolea, vitu ambavyo wewe wa chumba cha nyuma huwezi kuviuliza kikaoni.

Kwa daktari usipeleke tepi tena. Mpelekee mafaili ya wale akina mama wawili, muombe mkae pamoja nusu saa muorodheshe wote waliopasuliwa mwezi ule, seti waliyotumia kama inajulikana, na saa waliyochomwa dawa. Mwalike pia aje aangalie zile ateri tano kwa lenzi, akae kwenye kiti chako karibu na dirisha.

Na kichupa cha kwanza kikitoka, niandikie. Nitajie rangi ya vyote viwili, kilichopikwa na kisichopikwa.